Waya wa Kurudi

Januari 14

Naam, Sista, kuandika najua. Darasa la sita nimefika, la saba nimeliona dirishani. Uliniuliza mbele ya dada yangu, akacheka, nami nikacheka, lakini swali nililisikia. Basi daftari lako hili la hospitali nimelifungua. Umesema niandike kila mashine ya Mama ikilia: siku, saa, mara ngapi. Nikakuuliza, na siku isipolia? Ukasema andika chochote, mradi usiache. Umejitakia. Mimi ukinipa nafasi ya kusema, sinyamazi mpaka nipewe chai.

Mashine imekuja leo saa tatu asubuhi. Ni kama friji fupi yenye magurudumu. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inampa Mama ile nzuri kwa mrija wa puani, maana mapafu yake yamechoka. Pembeni umeacha mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba. Dakika arobaini, umesema, wa kumfikishia hospitali tu.

Kisha ukauliza, "Umeme wenu mzuri?"

Dada akaninyooshea kidole. "Muulize huyu. Nyumba nzima kaifunga yeye."

Ni kweli. Ghorofa hii, chini maduka, juu vyumba, kila waya nimeuvuta mimi miaka minane iliyopita. Nikakwambia, Sista, umeme wa hapa ni msafi, unaweza kumwogeshea mtoto.

Haikulia.

Januari 15

Haikulia. Joto.

Januari 18

Haikulia. Nimeuza visanduku viwili.

Nieleze, maana Sista hajui biashara yangu. Kisanduku ni cha bluu, kina taa ya kijani, ndani kuna kapasita, kile kikopo kinachoweka umeme. Unakifunga karibu na mita, kinasafisha umeme na kupunguza matumizi. Ndivyo karatasi yake inavyosema, na mimi ndivyo ninavyosema, ila mimi nasema vizuri zaidi. Mteja akisitasita namwambia: "Bwana mkubwa, mimi chumbani kwa Mama yangu mgonjwa nimekifunga hiki hiki. Ningemchezea Mama?" Hapo mkono unaingia mfukoni wenyewe. Mtaa mzima sasa wakiniona ni "Cheche, Mama hajambo?" Hajambo, ananiuzia.

Hapa nyumbani viko vitatu: kwa Mchapaji na kwa Mama Barafu, wenye maduka ya chini, na kwa Mama.

Januari 23

Imelia. Saa nne kasoro robo, mara moja. Tiiiii, taa nyekundu, ikanyamaza. Mama akasema, "Imepiga chafya." Tukacheka.

Januari 24

Saa nne, mara mbili.

Januari 26

Saa nne na nusu, mara tatu. Nimekagua plagi, iko sawa. Ni shirika la umeme hilo, joto likizidi wanatuletea makapi.

Januari 29

Mara nne. Mama kaniita. Siku hizi hasemi sentensi nzima kwa pumzi moja, anaikata kama kitambaa. Alikuwa mshonaji, huyu, cherehani ya mguu, na masikio yake ni ya mshonaji, anajua sindano itavunjika kabla haijavunjika.

"Baba," kaniambia, "huko chini... yule wa karatasi akianza kazi... sauti ya hii inabadilika. Na yule wa barafu... akiwasha yale makubwa... ndipo inalia."

Nikamwambia, "Mama, umeanza ufundi uzeeni? Utaninyang'anya wateja."

Akasema, "Wateja wako wabaki nao. Mimi nakwambia nachosikia."

Februari 2

Mara tatu. Joto halipumui. Mama Barafu kaongeza friza mbili za kisasa, zile ambazo hazingurumi, anasema watu wananunua barafu kama mkate. Mchapaji naye kaongeza kompyuta, mitihani ya shule inakaribia. Nawafurahia. Biashara ikiwa na afya na fundi ana afya.

Februari 5

Mara sita. Nimefungua ubao wa umeme pale chini ya ngazi. Sisi mafundi tunagusa waya kwa mgongo wa kiganja, siyo kwa vidole, kwa sababu umeme ukikupiga mkono unajikunja na kukimbia badala ya kung'ang'ania. Nikagusa fezi ya kwanza, moja ya nyaya tatu zinazoleta umeme: vuguvugu. Ya pili na ya tatu: vuguvugu. Nikagusa waya wa kurudi, ile nyutro. Nikaruka.

Haikuwa shoti. Ulikuwa moto kama kikaango.

Nikafunga ubao. Nikajiambia ni joto la kiangazi.

Februari 9

Mara tano. Nimepata dawa. Nimemfungia Mama kisanduku kingine, kikubwa kuliko vyote nilivyonavyo. Sikumwambia mtu. Zawadi haitangazwi.

Februari 10

Mara tisa.

Februari 12

Mara kumi na moja, na moja ilikuwa ndefu, Dada akamvalisha Mama mtungi kama dakika ishirini. Akaniangalia. Dada yangu akikasirika hapigi kelele, anakunja nguo. Leo kakunja mpaka zilizokuwa mwilini mwa watu.

"Mdogo wangu," kasema, "wewe fundi au mchekeshaji?"

"Vyote, Dada. Kwa bei moja."

Hakucheka. Nikashuka, nikafanya kazi ya maana: vyumba vyote vya juu nikavihamishia fezi mbili za madukani, ya tatu nikamwachia Mama peke yake. Mtu yeyote asimguse. Malkia wangu, na barabara yake.

Februari 13

Mara mbili tu! Mnaona?

Februari 16

Mara nne. Shirika wamemleta mtu kwa sababu transfoma ya nje inalia kama nyuki. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, kofia ngumu, mkoba begani, na ndani ya mkoba kipimo chenye kioo. Nimembatiza Bi Kipimo. Kaambiwa chanzo kinaonekana kuwa jengo letu. Nikampokea kwa bashasha, nikampa na maneno yangu yote, mpaka la Mama.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Fundi, waya wa kurudi umeweka saizi gani?"

Nikacheka. "Nusu ya fezi, Bi Mkubwa. Si ndiyo desturi? Aliyenifundisha alisema nyutro ni mzee mstaafu, kazi yake kukaa kibarazani. Fezi tatu zikifanya kazi sawasawa zinafutana, yeye habebi kitu. Kwa nini nimvalishe suti?"

"Aliyekufundisha alifundisha lini?"

"Zamani."

"Zamani alikuwa sahihi." Akafunga vibanio vyake kwenye waya, akanigeuzia kioo. Mimi umeme nimeushika miaka ishirini, sijawahi kuuona uso. Wimbi la umeme linatakiwa liwe kama kilima, linapanda laini, linashuka laini. La kwetu lilikuwa limeng'atwang'atwa kama muhindi uliokwisha kuliwa.

"Zamani watu walikuwa na balbu na mota," akasema. "Vile vinakunywa umeme kama wewe unavyokunywa maji, taratibu. Kompyuta, taa za siku hizi, friza za siku hizi, chaja, hizi hazinywi. Zinadonoa. Donoa, acha, donoa, acha, kama kuku. Huko kudonoa ndiko kunakozaa vimawimbi vidogo juu ya wimbi kubwa. Sisi tunaviita hamoniki. Na vingi vyake vikifika kwenye waya wa kurudi havifutani. Vinajumlishana. Mstaafu wako, Fundi, anabeba magunia ya watu watatu, na umemvalisha kandambili."

Nikamwonyesha kisanduku. "Lakini hiki si kinasafisha?"

Akakipiga picha, na mimi nikawekwa ndani ya picha bila kuombwa. "Hiki ni dawa ya mota kubwa za viwandani. Kwenye jengo lenye hamoniki, kapasita na ile transfoma nje wanapigiana bembea. Kila kimawimbi kinachokuja wanakisukuma kinapanda juu zaidi. Kisanduku chako hakifukuzi kuku, Fundi. Kinawamwagia mtama."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Vitoe vyote. Vuta waya mpya wa kurudi, mnene mara mbili ya fezi, kaza kila kiungo. Chujio la hamoniki tutaongea baadaye, wenye jengo watachangishana. Lakini huu waya usingoje. Waya wa kurudi hauna swichi ya kuukatia ukizidiwa. Ukizidiwa unaungua tu. Na ukikatika," akatazama juu ya ngazi, "aliye peke yake kwenye fezi yake ndiye umeme wote unamkimbilia."

Sikumwambia nani yuko peke yake.

Februari 17

Mara nne. Nimevitoa viwili vya Mama, kidogo na kikubwa. Kile kikubwa tumbo lilishavimba kama kopo la samaki lililooza. Nilitaka kumrudisha Mama kwenye fezi za wenzake, lakini kila waya nilioushika ulikuwa umekakamaa kwa joto, nikaogopa kutingisha kiungo.

Kazi ya waya mpya ni ya mchana kutwa, na jengo lote lizimwe.

Februari 19

Mara tano. Nimewakusanya Mchapaji na Mama Barafu ngazini.

"Nataka nizime Jumamosi, asubuhi mpaka jioni. Matengenezo madogo."

Mchapaji, wino mpaka kwenye nyusi, akasema, "Jumamosi? Nina mitihani ya shule nne. Matengenezo gani?"

"Ya kawaida tu. Kukaza kaza."

Mama Barafu akashika kiuno. "Cheche mwanangu, katika joto hili nizime friza kutwa? Niuze maji ya uvuguvugu? Na wewe mwenyewe si ulituambia kile kisanduku kinatosha, tulale usingizi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Kwamba kisanduku ni uongo, waya niliuvuta mwembamba, jengo linaungua taratibu. Nikafikiria mtaa mzima wanavyoniita. Nikafikiria vingine vyote nilivyouza. Vilikuwa arobaini na kimoja.

Nikasema, "Kinatosha, mama. Basi tusubiri mitihani iishe."

Wakaridhika. Mchapaji akanipiga begani. "Mama hajambo?"

Februari 21

Mara saba.

Februari 22

Mara sita. Dada kasema mtungi ukajazwe, umebaki nusu. Nimesema kesho.

Februari 23

Mara nane. Nimeuza kisanduku. Naandika tu, Sista, ulisema niandike chochote. Mteja aliniita, mdomo ukaenda wenyewe. Arobaini na viwili.

Februari 25

Saa tano na dakika kumi.

Nilikuwa duka la vipuri mtaa wa tatu, kisanduku mkononi, niko kwenye ile sehemu: "Mimi chumbani kwa Mama yangu mgonjwa..." Simu ikaita. Dada. Nikaikata, unajua sehemu ile haikatizwi. Ikaita tena.

Dada hakusema halo. Alisema, "Imelipuka."

Nilikimbia nacho mkononi. Nilipofika, Mchapaji alikuwa nje, karatasi zimemkumbatia, anapiga kelele kwamba taa zake zilififia mpaka zikawa kama makaa, halafu kimya. Ubao chini ya ngazi ulikuwa unatoa moshi. Waya wa kurudi ulikuwa umekatika pale pale nilipoukaza mwenyewe miaka minane iliyopita, ncha imeyeyuka kama mshumaa. Nikapiga swichi kubwa chini, nikapanda.

Chumbani feni ilikuwa imezunguka kwa kasi mpaka bawa moja limepinda. Taa ilipasuka. Mashine ya Mama ilikuwa nyeusi pembeni, inanuka plastiki. Umeme wote wa jengo ulitafuta njia ya kupita, na njia ilikuwa moja, ile niliyomtengenezea malkia wangu.

Dada alikuwa kamwegemeza Mama kifuani, mtungi umefunguliwa. Ule nusu. Midomo ya Mama ilikuwa rangi ya wino.

Tukambeba kwa kiti. Mama Barafu alishika mguu mmoja wa kiti, Mchapaji mwingine. Nikaona Mama Barafu anakitazama kisanduku. Nilikuwa bado nimekibana kwapani. Mtungi uliisha tukiwa njiani. Dada alikuwa anahesabu pumzi kwa sauti, mimi nilikuwa nasema "bado kidogo, bado kidogo," kwa ile sauti yangu ya kuuzia.

Amefika hai.

Februari 26

Hajazinduka vizuri.

Februari 28

Amefungua macho. Daktari kasema moyo umepata kishindo, mapafu yalikuwa hayana akiba. Kasema tujiandae. Nikauliza tujiandae nini, akanitazama kama mteja niliyemzidi bei.

Machi 2

Nimemwambia Mama yote. Waya, visanduku, ngazini. Nilidhani atanilaani, ningeshukuru.

Mashine ya wodini inapumua tu, haijalia tangu afike. Kisha akasema, "Vingapi?"

"Nilivyouza ni arobaini na viwili."

"Viko wapi?"

"Vitano vya nje ya hesabu hiyo ninavyo. Vitatu vya nyumbani, kile kikubwa chako, na kile nilichokuwa nacho siku ile. Hivyo nilivyouza sijui vyote, Mama. Vingine niliuza njiani."

"Na hao watu," akasema, akavuta pumzi, "hawana mama?"

Machi 3

Nimewaambia Mchapaji na Mama Barafu, pale pale ngazini. Mama Barafu kanipiga kofi moja. Kisha kakaa chini kwenye ngazi, kafunika uso. Mchapaji kauliza, "Kwa nini hukusema? Ningezima. Kwa ajili ya yule mama ningezima wiki."

Machi 4 mpaka 9

Siku hizi nimeziandika pamoja, mikono inauma. Nimevuta waya mpya wa kurudi jengo zima, mnene kama kidole gumba. Bi Kipimo kaja kwa muda wake mwenyewe, kaninyooshea kioo. Wimbi bado si zuri, lakini waya nikiugusa kwa mgongo wa kiganja ni wa baridi. Baridi kabisa. Nimekaa pale chini ya ngazi nimeushika muda mrefu.

Chumba cha Mama kina plagi mpya. Hakuna kilichochomekwa.

Machi 12

Vimerudi kumi na moja. Kila mlango: "Cheche! Mama hajambo?" Nasema yuko hospitali, nimekuja kuchukua kisanduku. Mmoja kagoma, kasema chake kinafanya kazi vizuri sana, taa ya kijani inawaka. Nilimwuzia vizuri mno huyo. Nimekaa kwake saa mbili nikiiponda bidhaa yangu. Kazi ngumu kuliko kuuza.

Machi 15

Kumi na tisa. Namwambia Mama kila jioni idadi. Leo katikisa kidole: bado.

Machi 18

Mvua ya kwanza. Joto limevunjika siku moja, kama mtu kazima swichi. Ingekuja wiki tatu mapema, friza zingepumzika. Najua si mvua. Lakini nimeiangalia dirishani kwa kinyongo.

Ishirini na nne.

Machi 20

Ishirini na tano. Nimemwambia Mama arudi nyumbani, waya sasa ni mzuri. Akasema, "Nitarudi... ukimaliza." Akatabasamu. Alijua hesabu kuliko mimi.

Machi 22

Saa nne asubuhi.

Sista, mashine haikulia hata mara moja. Umeme wa wodini ni msafi. Ilikuwa inapumua vizuri, yeye ndiye aliyeacha.

Machi 23

Machi 24

Machi 29

Sista kaja nyumbani kulichukua daftari. Kalisoma lote amesimama. Kanirudishia. Kasema, "Hili si langu tena, wape wanaohusika."

Mchapaji kasema atatoa nakala, atazibandika madukani na kwenye nguzo. Nikamwambia arekebishe maandishi, akasema hagusi hata herufi. Kwa hiyo wewe unayesoma umesimama hapo, mvua inakunyeshea, usome mpaka chini, nimekaribia.

Viko nje kumi na saba. Cha bluu, taa ya kijani, ukikaribia kinavuma. Labda nilikuuzia sokoni, labda njiani, labda ulicheka sana siku hiyo. Taa zako zinacheza? Mashine zinazima bila sababu? Gusa ukuta karibu na mita: kama una joto, ni mimi.

Hili ndilo dili. Usikiguse. Hata ukizima swichi kubwa, kapasita inaweka kinyongo, inaweza kukupiga ikiwa imezimwa. Niite mimi. Fundi Cheche, ghorofa yenye duka la barafu, uliza yeyote. Nitakuja siku hiyo hiyo. Kisanduku nitaondoka nacho, waya wa kurudi nitakuvutia mnene, kwa mikono yangu, na sitaondoka mpaka uushike mwenyewe uone ni wa baridi. Wewe hutoi kitu.

Sharti langu ni moja tu. Nikigonga ukafungua, nisalimie kwa lolote. Nitukane ukitaka. Usiniulize Mama hajambo.